Wacuka Keateka na Chumba cha Mwisho

Kama hujawahi kugombezwa na Wacuka, basi hujawahi kukaa ploti ya Kuria. Mimi sikai mle, nina kibanda changu cha chai na mandazi hapo kando ya geti, na hata hivyo nimegombezwa. Siku moja alinikuta nimemwaga jivu nyuma ya kibanda, karibu na ukuta wa mbao. Akaniuliza, "Mama Nelvine, hilo jivu limekufa ama limelala?" Nikamwambia limekufa tangu asubuhi. Akainama mbele ya wateja wangu, akaweka kiganja juu yake, kisha akaenda kuchota maji akalimwagia. Nilikasirika sana. Jivu lilikuwa na makaa ndani, hilo sikatai, lakini mtu mzima huitwa kando akaambiwa.

Huyo ndiye Wacuka. Ni mjane wa makamo, mfupi, na akitembea unasikia funguo kabla hujamwona. Babake alitoka Murang'a zamani akafungua duka Chepseon, na yeye akazaliwa huku huku. Kipsigis anakiongea vizuri, na akikasirika anakiongea vizuri zaidi. Kuria mwenye ploti ni binamu yake. Kuria mwenyewe anakaa Kericho mjini na biashara zake, kwa hivyo huku Mogogosiek keateka ni Wacuka. Anapokea wapangaji, anafagia korido, anapatanisha waliogombania maji.

Ploti yenyewe ni nyumba moja ndefu ya mbao na mabati, si mbali na kiwanda cha chai. Korido imepita katikati, vyumba huku na huku, na mlango mkubwa uko mbele upande wa geti. Wanaokaa mle ni wachumaji wa majani, vijana wa kiwandani na akina mama wa sokoni. Zamani kila mtu alifanya alivyotaka. Chai ikipogolewa, watu walibeba vile vijiti vya chai mabegani na kuvirundika ndani ya korido visinyeshewe, mpaka ukitaka kupita unapita kwa ubavu.

Mambo yalibadilika siku watu wa zimamoto walipofanya mafunzo kule Roret kwa wenye nyumba za kupangisha. Kuria alikuwa na shughuli, akamtuma Wacuka. Wacuka aliniambia mwenyewe kwamba alikubali kwa sababu ya chakula cha mchana. Lakini alirudi mtu mwingine. Hakutaja chakula hata kidogo. Alianza kupita chumba kwa chumba akiuliza maswali: hapa kuna nini kinachoweza kushika moto, nani analala hapa, na moto ukianzia pale, huyu atatokea wapi. Hiyo aliiita asesmenti. Kuni zote alizitoa nje akazipangia kibanda chao mbali na nyumba. Akaweka ndoo za mchanga, akatundika kipande cha chuma getini cha kugonga. Vijana walimcheka, wakampa jina la Mathe Moshi, yaani Mama Moshi. Hakujali.

Chumba kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu, kile cha mwisho kabisa kwenye korido. Mle alikaa Mzee Nyamweya, Mkisii, aliyechuma chai miaka yote ya nguvu zake mpaka goti likakataa. Kuta zake za nje zimebanana na ukingo wa mawe, na juu ya mawe ni barabara ya malori ya kiwanda, kwa hivyo hapawezi kutobolewa. Ili atoke, lazima atembee korido nzima na fimbo yake. Chumba kinachopakana na chake ni cha mwanawe Mochama, na mkewe Rodah, na mtoto wao mdogo. Hicho cha Mochama zamani kilikuwa stoo ya mbolea, ndiyo maana kina mlango wake wa kutokea uani.

Wacuka aliniambia, "Huyu mzee korido ikishika moto ameisha." Nikamwambia aache kutabiri mabaya. Sasa nakwambia, haikupita masika ile.

Unajua mvua ya huku, inakuja saa za alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Wachumaji walirudi wamelowa chapachapa. Benard, kijana wa chumba cha katikati, akawasha jiko, akaona chumba chake kinajaa moshi, akalitoa koridoni. Juu yake akaning'iniza aproni yake ya plastiki na suruali vikauke. Halafu akaja kwangu kununua mandazi. Alikuwa bado anatafuna tuliposikia chuma kinagongwa.

Ile plastiki ilikuwa imeyeyuka ikadondokea makaa, moto ukapanda ukutani. Haukuwa moto mkubwa, lakini moshi wake ulikuwa mweusi tititi, umejaza korido kutoka juu mpaka chini. Watu walitoka wakikohoa. Wacuka alisimama kwenye matope akiwaangalia nyuso, akiwahesabu mmoja mmoja. Akasema, "Mzee hayuko." Mochama aliposikia hivyo hakungoja. Aliingia kwa tumbo, akitambaa, sote tukabaki tumeshika vichwa. Alipotoka alikuwa anamvuta babake kwa makwapa, na mkono wake mmoja umeungua. Wale wengine walimwaga mchanga moto ukazima. Mzee alikohoa muda mrefu baada ya hapo, na ukimuuliza hali anakwambia ni baridi tu.

Kuria alikuja kesho yake na gari lake. Aliangalia ukuta mweusi, akaangalia chumba cha mwisho, akasema, "Huyu mzee atoke. Afisa wa kaunti anakuja kukagua, na akimkuta mtu amelala kwa hicho chumba, ananifungia nyumba yote."

"Atoke aende wapi?" Wacuka akamuuliza.

"Si ana kwao?"

Wacuka alimwambia mzee hana kwao pa kurudi. Mkewe alikufa, shamba la Nyamira aligawia wana wakubwa, na hao wana hawampigii hata simu. Hapa Mochama anamletea sahani ya chakula moto kila jioni. Umtoe hapa, nani atamlisha? Tena vyumba vingine vyote vimejaa, na kama chumba hakimfai mzee, hakimfai mtu yeyote, kwa hivyo kubadilishana hakusaidii. Nilisikia yote hayo nikikoroga chai. Mwisho Kuria akasema, "Basi mtafutie mlango mwingine kabla ya ukaguzi. Ukikosa, atatoka."

Kwa hivyo hapo ndipo maneno yalipofikia. Mzee Nyamweya apate mlango wa pili, ama aondoke.

Wacuka hakulala kwa hilo. Akaona jibu liko pale pale: ukuta kati ya mzee na mwanawe ni mbao tu. Ukitobolewa mlango, mzee anaingia kwa Mochama, anapita, anatokea uani. Hatua chache. Alimwambia Mochama, naye Mochama akasema asante huku akiangalia chini. Rodah hakusema kitu. Wacuka alidhani wamezidiwa na furaha. Fundi akaitwa, mlango ukakatwa, ukawekwa bawaba na komeo. Wacuka aliniita nikauone, akaufungua na kuufunga mbele yangu. Mimi pia niliona ni mlango mzuri, nikamsifu, kwa sababu mambo ya Wakisii siyajui yote.

Jumamosi asubuhi akafanya mazoezi. Aligonga chuma, watu wakatoka wakicheka, wengine na mswaki mdomoni. Rodah akatoka uani na mtoto. Mochama akatoka. Tukangoja. Mzee hakutoka. Wacuka akagonga tena, na tena, halafu akaingia ndani kwa hasira, nami nikamfuata kwa sababu nilitaka kuona.

Tulimkuta ameketi kitandani. Amevaa koti lake, kofia kichwani, fimbo mkononi, tayari kabisa kwa safari. Mlango mpya uko mbele yake umefungwa.

"Mzee, hukusikia chuma?"

"Nimesikia kidogo, mama."

"Sasa mbona hujatoka?"

"Huo mlango ni mzuri, mama. Mungu akubariki kwa kazi yako. Lakini unaingia mahali mtoto wangu analala na mke wake. Mimi siwezi kupita hapo."

"Mzee, huu ni moto. Moto haujui mkwe."

"Ndiyo, haujui," akasema polepole. "Lakini mimi najua."

Wacuka alitoka pale akaja kuketi kwenye benchi yangu, akakataa chai. Ukimwona Wacuka anakataa chai ujue mambo yamechacha. Alisema amehangaika bure kwa mtu anayetaka kufa kwa kiburi. Hapo mimi nikakasirika. Nikamwambia, "Wacha, Wacuka. Mkwe wangu, bwana wa Nelvine, akija kwangu anakunywa chai nje, hata mvua ikinyesha anasogea chini ya mabati tu. Siku akiingia chumbani kwangu mimi nitahama Bomet. Hicho si kiburi." Mochama alikuwa amesimama kando, akaongezea kwamba kwao hiyo wanaita chinsoni, heshima na haya ya ndani ya ukoo. Baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, seuze kuona kitanda. Akikanyaga amejiaibisha, na amewaaibisha wao pia.

"Sasa ulinyamaza kwa nini nikitoboa ukuta?" Wacuka akamuuliza.

"Ulikuwa unatusaidia, mathe. Ningekwambia nini?"

Wacuka akashika kichwa. Kwao pia wakwe wanaheshimiwa, alijua hayo, lakini akili yake ilikuwa kwa moto peke yake. Nilimhurumia. Alikuwa amepima ukuta, amepima mlango, amepima mwendo wa mzee na fimbo yake, hata upana wa mabega yake.

Lakini si mtu wa kukaa chini. Kwanza akasahau aliyomwambia Kuria, akawaza wabadilishane: mzee aende chumba chenye mlango wa uani, Mochama na familia wahamie cha mwisho. Mzee alikataa kabla hajamaliza kusema. "Mimi nitoke, mtoto abaki? Hapana, mama." Halafu akaja na blanketi. Kule Roret walifundishwa kwamba ukipita kwenye moshi unajifunika blanketi mbichi na kuinama. Akamwambia mzee, nitakufunika kichwa, hutaona kitanda, hutaona chochote, nitakushika mkono. Mzee alifikiria sana. Kisha akauliza, "Na nikijikwaa nikashika hicho kitanda?" Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Wacuka hakucheka. Siku za ukaguzi zilikuwa zinakaribia, na Kuria alikuwa ameanza kumwuliza kwenye simu kama mzee amefunga mzigo.

Rodah ndiye aliyemaliza maneno. Rodah ni mtu mpole, mchumaji hodari, akija kwangu ananunua na kuondoka. Siku hiyo alinunua mandazi halafu hakuondoka. Alingoja mpaka Wacuka akaja, akamwambia akiangalia kikombe, "Mama, mmempima mzee siku zote. Hakuna mtu amepima chumba changu."

"Chumba chako kina shida gani?"

"Hakina. Ni kikubwa. Weka ukuta ndani yake. Kutoka huo mlango mpya mpaka mlango wa uani, ukuta wa plaiwudi mpaka juu. Hapo itakuwa njia, si chumba changu tena. Baba atapita njiani. Sisi tutatoboa kamlango ketu kadogo kwenye huo ukuta, na tukitaka kutoka tutatokea njiani pia."

Kikubwa, alisema. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono miwili umekimaliza. Wacuka alimwambia kitanda hakitatoshea. Kile kitanda Rodah alikinunua kwa bonasi yake ya chai, kitanda kipana chenye mbao za kuchongwa kichwani, na kila mtu wa ploti alikuwa amekiona kikishushwa kwenye mkokoteni. Rodah akasema kitakatwa.  Alipoona nyuso zetu akacheka kidogo, akasema, "Tukigeuka usiku tutageuka pamoja."

Fundi alikata kitanda uani. Mimi sikupenda kutazama. Rodah alimshikilia upande mmoja ili msumeno usiteleze. Ukuta ukasimama, njia ikapatikana, nyembamba lakini mzee na fimbo yake wanapita. Wacuka aligonga chuma, na safari hii tulipoangalia uani mzee alikuwa ameshasimama pale, koti na kofia, akitazama huku na huku kama mgeni aliyefika mapema. Wacuka alimpa mkono kwa nguvu nusura amwangushe.

Afisa aliyekuja kukagua ni msichana anaitwa Shirley, mwenye buti kubwa na sauti ndogo. Kuria alikuja pia, akatembea nyuma yake akijifuta jasho ingawa kulikuwa na baridi. Shirley alipenda ndoo, akapenda kibanda cha kuni, akaingia ile njia ya plaiwudi na kutoka. Akauliza ni ya nini, Wacuka akamweleza. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Halafu akageuka akamwambia mzee, kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo mzee, unasikia vizuri?"

Mzee hakujibu. Hakuwa amesikia.

Shirley akarudia kwa nguvu, kisha akamwuliza Wacuka, "Moto ukianza amelala, nani atamwamsha? Chuma kiko mbali." Mochama alikuwa na shifti ya usiku kiwandani. Anayebaki ni Rodah. Rodah anaweza kutoka na mtoto, lakini kuingia chumbani kwa baba mkwe na kumtikisa bega, hilo haliwezekani. Kugonga plaiwudi? Walijaribu hapo hapo. Rodah aligonga upande wake, mzee upande wake akaendelea kukaa. Kuria alimwangalia Wacuka kwa jicho la nilikwambia.  Nilimwona Wacuka macho yamejaa maji, na ni mtu ambaye hata mazishini kwa mumewe alikuwa anapanga viti.

Mochama akamweleza babake sikioni kinachosemwa. Mzee akafikiria. Akasema, "Kamba."

"Kamba gani, baba?"

"Toboa tundu kwenye ukuta. Kamba ipite. Huku nitajifunga mkononi nikilala. Kule ifungwe kitandani. Akivuta, nitaamka."

Kamba ililetwa, sisali nyembamba. Fundi akatoboa tundu. Mzee akalala kitandani na koti lake, akafumba macho, na Shirley akaenda upande wa Rodah akamwambia avute. Rodah alivuta kwa woga. Akaambiwa avute kama moto unakuja. Akavuta. Na kweli mzee akainuka, akafungua kamba mkononi, akashika fimbo, akapita njia yake akatokea uani. Shirley akasema jambo kama hilo hajaliona kwa kitabu chochote alichosoma, lakini limefanya kazi, na chumba kimepita. Kuria akasema yeye alijua tu kwamba Wacuka ataweza. Wacuka alimwangalia mpaka akaingia garini.

Hiyo ilikuwa miezi mingi iliyopita. Wacuka bado anafanya asesmenti yake kila wiki, anakagua majiko, ndoo, bawaba. Juzi nilikuwa nampelekea mzee chai yake, nikamkuta Wacuka kwenye ile njia ameinama, ameshika kamba pale inapopita kwenye tundu. Ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi mbili tatu. Akamwita Rodah kwa ile sauti yake.

"Rodah! Hii kamba ni ya moto, si ya mtoto kuchezea. Hakujakuwa na moto hapa. Imekwishaje hivi?"

Rodah akatoka na mtoto mgongoni. Akaangalia sakafu.

"Si mtoto, mama. Ni baba. Kila asubuhi akiamka anavuta mara moja, nijue ameamka salama. Na mimi navuta, ajue nimesikia." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Kuna siku alichelewa kuvuta. Nilishindwa hata kuwasha jiko."

Mimi nililia pale pale na kikombe mkononi, wala sioni haya kusema. Watu wawili wanaoishi ukuta mmoja miaka yote hiyo, hawapeani hata mkono. Wacuka yeye hakulia. Alitoka na funguo zake zikilia, akaenda dukani, akarudi na kamba ya nailoni, ile nene ya kufungia ng'ombe. Akaipitisha kwenye tundu mwenyewe, akafunga fundo huku na fundo kule, akaivuta kuijaribu.

"Vuteni tu," akasema. "Ikiisha nitaleta nyingine."